Makina Yahitaji Filamu za Wezi na Vichekesho

Kati ya 1946 na 1958, studio ndogo ya Marekani iitwayo Monogram, ambayo baadaye ilijiita Allied Artists, ilitoa filamu 48 za Bowery Boys, vijana maskini wa New York wenye maneno mengi na mifuko mitupu, wanaogongana na matapeli na majambazi. Zilitengenezwa haraka na kwa bei rahisi, mara nyingi katika duka lilelile la peremende, na watu wakaendelea kulipa kiingilio miaka nenda miaka rudi. Utaratibu huo ungeifaa Kibera, mtaa wetu wa mabanda jijini Nairobi, kuliko ule tulio nao. The Constant Gardener ilipigwa hapa na kutoka 2005, Kibera Kid ikafuata 2006, kisha Soul Boy ya Hawa Essuman 2010. Soul Boy hasa naipenda mno. Lakini filamu inayongoja mfadhili wa ng'ambo huja kwa nadra, na mwigizaji hakomai kwa kuitwa mara moja katika miaka minne. Hukomaa kwa kuigiza, kukosea na kuigiza tena.

Hamu ya watazamaji haina shaka. Kipindi cha Vioja Mahakamani kimewavunja Wakenya mbavu tangu enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, kwa kizimba, hakimu na mshtakiwa mwongo tu. Katika vibanda vya video, msimulizi DJ Afro huchukua filamu ya mapigano ya kigeni, akaisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, na kibanda kikaangua kicheko. Nairobi Half Life ya 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar, ilichanganya wizi na mzaha bila kupunguza uchungu wa maisha.

Wapo watakaosema kwamba kutengeneza vichekesho vya wezi ni kuupamba uhalifu, tena katika Makina, sehemu ya Kibera yenye msikiti, soko na wazee wa Kinubi walioisubiri hati ya ardhi ya ekari 288 hadi 2017. Hofu hiyo ina uzito, kwa sababu jina la Kibera limechafuliwa vya kutosha. Hata hivyo, anayechekwa katika hadithi hizi ni mhalifu mwenyewe. Hebu fikiria tapeli anayekodisha chumba kimoja kwa wapangaji wawili, au mwenye stima ya sambaza (ya kuunganishwa kwa wizi) anayekata waya usiku ili alipwe kuurudisha, kisha mama wa sokoni awazidi ujanja. Mpangaji aliyewahi kutapeliwa hatauona huo kuwa utukufu wa wizi. Mwandishi aliyekulia Makina anajua pia ni nani wa kupewa heshima katika hadithi, jambo ambalo mgeni hulikisia. Kwa hiyo serikali iviondolee vikundi vya mtaani ada za leseni ya kupiga filamu, na wafadhili wagawe fedha za filamu moja kubwa kwa filamu kumi ndogo, zionyeshwe kwanza katika vibanda vya Kibera.