Arubuni ya Nyumba

Karani anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza mara nyingi hashindwi na malipo ya kila mwezi, bali hushindwa na arubuni. Tangu mwaka 2009 sheria ya Kenya imemruhusu kuweka hadi asilimia 60 ya akiba yake ya pensheni iwe dhamana ya mkopo wa nyumba. Mwaka 2020 iliongezwa ruhusa nyingine: aweza kuchukua hadi asilimia 40 ya akiba hiyo anunulie nyumba ya kukaa, mradi isizidi shilingi milioni 7.

Ruhusa hii ni njema, lakini fedha hizo si mkopo. Zikitoka zimetoka, na chakula cha uzeeni kimepungua. Mkulima asiye na mwajiri hafaidiki, ila awe amejiunga mwenyewe na mfuko wa pensheni. Aliyekaribia kustaafu na aulize kwanza atabakiwa na kiasi gani.