Taa ya Swichi Yako Inasema Uongo

Leo naweka kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali nayo. Nina ugomvi na kitu kidogo sana: zile swichi zenye taa ndani yake, nyekundu, kijani au buluu, ambazo mafundi wetu wanazipachika kila mahali. Ziko kwenye maboksi ya sola, kwenye pampu za maji, kwenye redio, na mbaya zaidi, kwenye boti.

Swali langu ni moja tu. Taa ya swichi ikiwaka, inakuambia nini?

Wengi watajibu: inaniambia chombo kinafanya kazi. Hapana! Kwa namna zinavyofungwa mara nyingi, inakuambia kwamba umebonyeza swichi. Basi. Na hilo ulishalijua, maana kidole ni chako.

Tuchukue mfano wa Lamu. Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, na katikati yake ni mkondo ambao boti hazikatiki: abiria wa uwanja wa ndege ulioko Manda, wafanyakazi wa hoteli, wavuvi, jahazi zinazoingia kutoka bahari kuu. Tuseme nahodha anatoka Ras Kitau kuvuka kwenda Shela, usiku usio na mwezi. Anabonyeza swichi ya taa za ubavuni, swichi inang'aa nyekundu, moyo wake unatulia. Kumbe globu imeungua tangu jana, au waya umeliwa na chumvi. Boti ni giza tupu, na yule anayekuja mbele yake kwa kasi haoni kitu. Swichi nayo inaendelea kung'aa kama kawaida.

Najua kuna atakayesema: "Si atazame taa zenyewe?" Ndugu yangu, hawezi, na si kwa uzembe. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia kila moja imulike nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu. Zimezibwa makusudi upande wa nyuma. Nahodha aliyekaa nyuma kwenye mashine ndiye mtu wa mwisho kuziona. Kitu pekee anachokiona ni swichi yake, na swichi yake inamdanganya.

Sasa tuone uongo unatoka wapi. Swichi ya kawaida ya kubonyeza huku na huku yenye taa ina miguu mitatu. Mmoja unapokea chanya ya betri, wa pili unapeleka chanya kwenye chombo, na wa tatu unakwenda hasi. Taa ya ndani imefungwa kati ya mguu wa pili na wa tatu. Ukibonyeza, umeme unafika mguu wa pili na kugawanyika: njia moja kwenye taa ndogo, njia nyingine kwenye chombo. Njia hizi mbili hazijuani kabisa. Chombo kikifa, waya ukikatika, globu ikiungua, taa ndogo haina habari. Na fundi akikosea akabadilisha mguu wa kwanza na wa pili, taa itawaka usiku na mchana, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa. Kwa hiyo miguu usiikisie kwa rangi, ipime kwa mita.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Ni ile programu inayokuandikia "Imehifadhiwa" kwa herufi za kijani kabla haijahakikisha kwamba faili limeandikwa kwenye diski. Programu ya namna hiyo tunaiita mbovu, tunairudisha kwa mwenyewe airekebishe. Kwa nini swichi ya boti, iliyobeba roho za watu, tuipime kwa mizani nyepesi zaidi?

Dawa ipo, na inaanzia dukani. Nunua swichi ambayo taa yake ina miguu yake yenyewe. Vile vitufe vya chuma vya mviringo, vya tundu la milimita 16, 19 au 22, mara nyingi vina miguu mitano: mitatu ya swichi (C, NO na NC) na miwili ya taa (+ na -). Hapo wewe ndiye unayeamua taa iwake kwa habari gani. Swichi ya miguu mitatu imeshakuamulia kiwandani.

Ukishaipata, ifunge hivi. Tafuta swichi ya sumaku: kichupa cha kioo chenye vijiti viwili vya chuma vinavyogusana sumaku ikikaribia. Waya wa chanya unaokwenda kwenye taa ya boti uzungushe juu ya kichupa hicho. Umeme ukipita, waya unakuwa sumaku, vijiti vinagusana, na kupitia hapo taa ya kitufe inapata chanya. Globu ikiungua, umeme haupiti, vijiti vinaachana, na kitufe kinazimika. Kimesema kweli!

Hesabu yake ni rahisi. Vichupa vingi vinahitaji ampea 10 hadi 25 ukizidisha kwa idadi ya mizunguko. Globu ya wati 10 kwa volti 12 inavuta ampea 0.83, hivyo mizunguko 30 inakupa 25. Lakini taa ya LED ya wati 2 inavuta ampea 0.17 tu, na hapo utahitaji mizunguko 150 ya waya mwembamba. Na kila taa iwe na kichupa chake. Ukiunganisha mbili kwenye kichupa kimoja, moja ikifa nyingine itaificha.

Jambo la pili la dukani ni volti. Taa ya swichi nyingi za ukutani ni ya neoni, imetengenezwa kwa volti 240 za gridi. Neoni haiwaki kabla ya kufika volti 60 au zaidi, kwa hiyo kwenye betri ya volti 12 haitawaka milele. Soma maandishi ubavuni kabla ya kulipa. Kama taa ni LED tupu isiyo na rezista ndani, iwekee wewe: volti 12 toa 2 za LED, gawanya kwa ampea 0.01, unapata omu 1,000. Usiku baharini hata hiyo ni kali mno na inamharibia nahodha macho. Weka omu 4,700, inatosha.

La tatu ni chumvi. Chagua kitufe chenye alama ya IP67, maana yake vumbi haliingii na kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, na viungo vifunike. Fyuzi ikae karibu na betri.

Najua jibu la mafundi: "Mteja anataka kitu kinachong'aa, mengine hayajui." Ni kweli hayajui, na ndiyo sababu anakulipa wewe. Mteja ananunua taa akiamini ananunua habari. Ukimuuzia mng'ao mtupu, afadhali ungemwekea swichi isiyo na taa kabisa. Asiye na taa ya kumtuliza atamtuma kijana wake aende mbele akaangalie. Mwenye taa ya uongo hamtumi mtu.

Kwa hiyo wewe mwenye boti, mwenye pampu, mwenye friji ya samaki, kabla hujamlipa fundi wako mwambie maneno haya: "Chomoa waya wa chombo, halafu washa swichi." Kama taa ya swichi bado inawaka, usilipe. Kazi haijaisha.