Istilahi Bila Maarifa ni Taa Bila Mafuta

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakimudu sayansi ya juu kwa uhaba wa istilahi. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kikwazo kikubwa zaidi ni mwanaisimu anayeunda istilahi kabla ya kulielewa jambo lenyewe.

Chambilecho wahenga, usilolijua ni usiku wa kiza. Mfano mmoja unatoka kizani hasa. Peroksidi ya hidrojeni ikichanganywa na hipokloriti, kemikali iliyomo katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hutokea mwanga mwekundu hafifu. Mnamo 1963, Khan na Kasha, wanasayansi waliokuwa Marekani, waliuhusisha mwanga huo na oksijeni iliyosisimka, yaani yenye kawi kupita kawaida yake. Molekuli moja ya oksijeni hiyo ikiitoa kawi peke yake, mnururisho wake, wa nanomita 1,270 hivi, hauonekani kwa macho. Mbili zikikutana na kuitoa kwa pamoja, ndipo wekundu huonekana.

Leo wanakemia huichunguza mimenyuko kama hii kwa kompyuta, wakikokotoa kawi katika kila hatua ya kukatika na kuungana kwa vifungo. Kazi hiyo si nyepesi. Elektroni za oksijeni hii haziwezi kuelezwa vyema kwa mpangilio mmoja tu. Programu inayoshikilia mpangilio mmoja hukosea hesabu. Sharti mipangilio kadhaa ikokotolewe pamoja.

Sasa na aje mfasiri. Jina la kitaalamu la oksijeni hii katika Kiingereza limejengwa juu ya dhana ya "moja". Akiliita "oksijeni moja", mwanafunzi atadhani ni atomu pekee, ilhali ni molekuli ya atomu mbili, sawa na ile tuivutayo. Umoja unaotajwa ni wa hali: spini za elektroni zake mbili hubatilishana, ikabaki hali moja badala ya tatu. Kosa hilo halitasahihishwa na sarufi, hata iwe fasaha vipi.

Mjadala wa "kawi" ya Wakenya na "nishati" ya Watanzania una nafasi yake. Hata hivyo, kabla ya kuchagua neno, hapana budi mwanafunzi wa Kiswahili aketi na mwenzake wa kemia, aulize, aelewe, kisha aandike. Kamusi itafuata.