Gitaa lisilo na spika na masikio yako

MARA ya mwisho ulipomsikiliza mtu akipiga gitaa bila spika ilikuwa lini? Wengi wetu tumezoea mugithi, ule wa mtu mmoja na gitaa lake, lakini gitaa hilo huunganishwa na mitambo inayotikisa hata glasi mezani. Ukitoka hapo usiku wa manane masikio yanavuma, nawe unadhani ni uchovu. Si uchovu.

Ndani kabisa ya sikio, katika sehemu iliyojiviringa kama gamba la konokono, mna chembechembe zenye vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele huzichosha. Zikipumzishwa mapema huweza kupata nafuu, lakini zikifa hazioti tena, na hakuna kidonge wala sindano ya kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 100, muda huo hushuka hadi dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Sasa piga hesabu ya Jumamosi yako, na usisahau matatu iliyokufikisha huko.

Ndiyo maana nilifurahi hivi majuzi, katika ukumbi mdogo hapa Siakago, kumsikiliza kijana wa Mbeere anayeinukia akipiga gitaa la klasiki. Gitaa hili lina nyuzi sita, na zile nyembamba ni za nailoni. Zamani zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Hupigwa kwa kucha na ncha za vidole, bila umeme. Alianza na vipande vya Kihispania, kisha akaingia katika mitindo tuliyoachiwa na kina George Mukabi wa magharibi mwa Kenya na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Besi na sauti ya juu kwa pamoja, ungeapa wapigaji ni wawili.

Mwanzoni watu walikohoa, viti vikalia, na jamaa mmoja nyuma yangu hakuacha kutafuna muguka. (Muguka hupandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine.) Baadaye ukumbi ukatulia kabisa.

Tulipotoka, mzee mmoja aliyeketi safu ya tatu aliniambia, "Daktari, mwambie huyu mtoto siku nyingine alete spika. Mimi nimeona vidole tu." Nilimwuliza mkewe, aliyeketi kando yake. Alikuwa amesikia kila kitu.

Mzee huyo hahitaji spika, anahitaji kupimwa masikio. Madhara ya kelele na ya umri kwa kawaida huanza kwenye milio myembamba. Mtu husikia kwamba unasema, lakini maneno hayashiki, naye hulalamika kuwa watu wa siku hizi wananong'ona. Wakati mwingine shida ni nta tu, ambayo mhudumu wa afya huiondoa kwa muda mfupi. Usiichokoe kwa njiti ya kiberiti, kalamu wala ufunguo, kwani utaisukuma ndani au utoboe kiwambo cha sikio.

Sisemi kwamba gitaa litakutibu presha. Utafiti umeonyesha kuwa muziki huweza kupunguza wasiwasi wa wagonjwa wanaongoja kupasuliwa, lakini vidonge vyako endelea kuvimeza kama ulivyoagizwa.

Ninachohofia ni kijana mwenyewe. Tayari kuna wanaomshauri anunue mitambo ili apate kazi za harusini na kwenye baa, na tumbo halingoji. Basi tumlipe kiingilio akiwa hivi alivyo. Waandalizi wapange viti nusu duara, karibu naye, na wasiuze tikiti zaidi ya wanaoweza kusikia. Ikilazimu kutumia spika, iwe ndogo.

Nenda na watoto. Ukiona wanatabasamu kwa milio ambayo wewe huisikii, usimlaumu mpigaji. Pitia hospitali ya kaunti yako uulizie kliniki ya masikio, pua na koo.