Unga wa Manjano Hautibu Kideri

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, ambako kahawa ndiyo humlipia mtu ada za shule, kuku ndiye fedha ya mama wa nyumbani. Naye aonapo kuku wake wamezubaa, wamelegeza mbawa na kuharisha kijani, huenda duka la pembejeo akanunua pakiti ya unga wa manjano wa oksitetrasaiklini, akaupima kwa kifuniko cha soda, akaukoroga kwa kijiti ndooni hata maji yote yakageuka rangi, kisha akawanywesha. Mayai yatagwayo siku zile hayatengwi. Hupangwa katika trei pamoja na mengine, na kabla ya juma kwisha yamekwisha fika Mlowo, au yamekuwa chipsi mayai ya dereva wa lori angojaye zamu yake ya kuvuka mpaka pale Tunduma.

Simlaumu mama huyu. Msiba ni kwamba maradhi yale mara nyingi huwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, nacho huletwa na virusi, wala hakuna kiuavijasumu kiwezacho kukitibu. Dawa ile huwaangukia bakteria wakaao matumboni mwa kuku, miongoni mwao salmonela, ambaye aweza kukaa humo bila kuku kuonyesha dalili yoyote. Na madhali kipimo ni cha kukisia, na dawa hukomeshwa mara tu kuku waliosalia wachangamkapo, bakteria dhaifu hufa na wenye kuihimili husalia wakazaana. Fauka ya hayo hupeana, hata na wasio wa jinsi yao, vipande vya vinasaba vibebavyo uwezo wa kuishinda dawa.

Haya yangekuwa mambo ya bandani tu lau salmonela asingetoka humo. Lakini hutoka, katika kinyesi kilichoganda juu ya yai, katika matumbo yapasuliwayo juu ya ubao uleule utakaokatiwa nyanya za kachumbari, katika samadi mbichi itiwayo bustani ya mboga. Kwa mtu mzima mwenye siha, aghalabu ni kuhara kwa siku chache, wala hahitaji kiuavijasumu. Amma kwa mtoto mchanga, au aliyedhoofishwa na malaria na utapiamlo, au mtu aishiye na virusi vya Ukimwi asiyepata matibabu, bakteria huweza kupenya hata katika damu, na hapo uhai wake hutegemea kama dawa iliyomo kabatini mwa tabibu bado yafanya kazi.

Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, walikwisha kuyaona. Mwanzoni mwa karne hii, mjini Blantyre, hospitali ilipokea wagonjwa wengi wenye salmonela ya damu isiyosikia tena kloramfenikoli, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali zetu kwa miongo kadhaa. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba bakteria wa ukoo ule, uitwao ST313, wameenea katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Sidai kwamba maradhi yale yalianzia mabandani. Nayataja kwa kuwa yanatuonyesha upesi wa dawa kupotea, na ni nani hutangulia kufa ipoteapo.

Serikali iliweka mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na sasa tuna wa pili, wa 2023 hadi 2028. Wako wasemao yatosha kupiga marufuku, kama Sweden ilivyokataza mwaka 1986 viuavijasumu vya kukuzia mifugo, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2006. Lakini mfugaji wa kule alikuwa na daktari wa mifugo wa kumwita na chanjo za kutumia; wa Isansa akinyang'anywa unga wa manjano bila kupewa badala yake, atauziwa kwa siri, na kwa bei kubwa zaidi.

Na badala ipo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza chanjo ya kideri ihimiliyo joto, tone moja jichoni, ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinachoizuia ni kwamba chupa moja yatosha kuku wengi sana, nayo ikishafunguliwa haikai, hivyo mama mwenye kuku kumi haoni faida ya kuinunua peke yake. Yapasa basi halmashauri pale Vwawa itangaze siku ya chanjo kijiji kwa kijiji, imlipe mchanjaji apite nyumba hadi nyumba, na kila kaya ichangie kwa hesabu ya kuku wake tu. Muuza pembejeo naye alazimishwe kuuliza, kabla ya kutoa pakiti, kama kuku wale walichanjwa na ni nani aliyewapima. Na siku za kungoja kabla ya kuuza yai au nyama ziandikwe juu ya pakiti kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama yule ataweza kuzisoma akiwa amesimama mbele ya kaunta.