Wewe si yule wa picha?

Kuna swali moja limenikaa kooni tangu mwaka jana. Halikuulizwa na mchungaji wala mhariri. Liliulizwa na mama mmoja muuza chapati pale Buguruni Sheli, na kila nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke. Leo nimeamua kulitoa.

Basi bwana, ilikuwa Alhamisi jioni. Natoka Ubungo kwenye mkutano wa mheshimiwa mmoja na waandishi wa habari, narudi mjini kuandika. Mhariri ameshapiga simu mara mbili: ukurasa unafungwa saa moja na nusu, stori iko wapi? Foleni ya Barabara ya Mandela mnaijua. Nilipofika Buguruni uvumilivu ukanishinda, nikashuka kwenye daladala ili nitembee hadi mbele nikachukue bodaboda. Hatua chache tu nikakuta watu wamejazana. Pikipiki imegongwa na lori. Dereva wake, kijana wa rika langu, yuko chini, mguu umegeukia upande usio wake, damu inatoka juu ya goti.

Nilifanya nini? Nilitoa simu nikapiga picha. Si moja, tatu. Halafu nikainama nikamuuliza jina lake na anakoishi. Jamani, mtu anavuja damu, mimi namuuliza jina na herufi zake zinavyoandikwa!

Watu wengine walikuwa wanabishana. Mmoja anasema asiguswe mpaka polisi waje. Mwingine anasema ukimpeleka hospitali bila PF3 utageuziwa kesi wewe. Woga huo tumelelewa nao, wala sitawacheka. Katikati ya ubishi huo akatokea mama mmoja amevaa ushungi, mikono imejaa unga wa ngano. Hakumuuliza mtu kitu. Alivua khanga ya begani, akaikunja, akaufunga ule mguu juu ya jeraha kwa nguvu. Akasimamisha bajaji. Kisha akaniangalia mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu zaidi kuliko wote, akasema, "Mwanangu, panda umshike mabega, mimi nitamshika mguu."

Nikamjibu, "Mama, samahani sana, nina haraka ya kazi." Nikatoa noti ya shilingi 2,000 nikamkabidhi. Mfukoni nilikuwa na bahasha ya mheshimiwa, wenyewe tunaiita nauli, shilingi 20,000. Sikuigusa. Mama akaipokea ile 2,000, akasema ahsante, akapanda bajaji na kijana mwingine, mpiga debe. Mimi nikakimbia.

Stori ya mheshimiwa ilitoka ukurasa wa tatu. Ya ajali ilitoka aya mbili ndani huko, haina hata picha. Jumapili nikavaa sare, nikasimama na wenzangu wa kwaya, nikaimba kama kawaida.

Sasa ndugu msomaji, usifikiri nataka kujipiga kifua mbele yako ili unihurumie. Ninachotaka kusema ni hiki: siku ile sikumchukia yule kijana. Wala sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa na haraka. Na nimeanza kuamini kwamba Wakristo wengi wa mjini hatushindwi kupenda kwa sababu ya chuki. Tunashindwa kwa sababu ratiba imejaa, na upendo haukupangiwa saa yake.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanyia wanafunzi wa seminari ya theolojia ya Princeton. Wanafunzi 40 walitumwa mmoja mmoja kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, aliyemsaidia alikuwa mmoja katika kila kumi. Walioambiwa muda upo, walisaidia 63 katika kila mia. Na kwenda kumhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana. Hebu soma tena hapo. Mtu ana mahubiri ya Msamaria kichwani, anampita mgonjwa ili asichelewe kuyahubiri!

Tangu niliposoma habari hiyo namwonea huruma yule kuhani wa njia ya Yeriko, na yule Mlawi aliyemfuata. Tumezoea kuwahubiri kama watu waovu. Lakini Luka hasemi walikuwa na chuki. Anasema waliona, wakapita upande wa pili. Pengine na wao walikuwa na zamu. Pengine kuna mtu alikuwa anawasubiri kama mhariri wangu. Tunachojua ni kwamba aliyesimama alikuwa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi waliomsikiliza Yesu hawakutaka hata kukaa naye meza moja. Akamfunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamlipia dinari mbili, yaani mshahara wa kibarua wa siku mbili, na akaahidi kurudi kumaliza deni. Alitoa fedha, ndiyo, lakini fedha ilikuja mwisho, baada ya mikono na usiku mzima.

Mimi nilianza na fedha nikaishia hapo. Ile 2,000 yangu haikuwa sadaka. Ilikuwa nauli ya kujitoa pale. Na hapa naomba tusemane kidogo sisi kwa sisi. Ni mara ngapi tunafanya hivyo? Mwenzetu kafiwa, tunatuma rambirambi kwa simu tukiwa kitandani, shughuli imekwisha. Jirani anaumwa miezi miwili, tunampelekea mweka hazina wa jumuiya mchango, mlangoni kwake hatujafika. Michango ni mizuri, imesomesha na kuzika wengi. Lakini kuna wakati mtu anatoa ili asijitoe.

Najua wenzangu wa kalamu watanijia juu. Watasema kazi ya mwandishi ni kuandika. Kila mwandishi akigeuka mbeba wagonjwa, nani atasema kwamba malori yanaua vijana barabarani? Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Habari nayo inaweza kuwa upendo. Mkumbukeni Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini. Mwaka 1993 alipiga picha Sudan ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa, ameinama chini, na tai nyuma yake anasubiri. Picha ile iliishtua dunia kuhusu njaa ya Sudan, na mwaka 1994 ikampa tuzo ya Pulitzer. Lakini wasomaji waliuliza swali moja tu: mtoto yule aliishia wapi? Carter alisema alimfukuza yule tai. Kwa wengi haikutosha. Julai mwaka huohuo wa 1994 alijiua, akiwa na miaka 33, akiwa amelemewa na mengi, zaidi ya picha ile.

Simhukumu. Nani nimhukumu mimi? Yeye angalau picha yake iliamsha dunia. Yangu haikumwamsha hata mhariri. Ninachosema ni kwamba kazi njema inaweza kuwa maficho mazuri kuliko yote. Mtu akijificha kwenye baa tutamwona. Akijificha kwenye kazi, au kwenye mkesha wa maombi, tutampongeza.

Wiki tatu baadaye nilijikaza nikarudi Buguruni. Nikamkuta mama yupo kwenye kikaango chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama kidogo, uso ukafunguka kwa tabasamu. "Wewe si yule wa picha?"

Hakuniuliza kwa kebehi. Ndivyo alivyonikumbuka tu. Akanieleza kwamba kijana alipona, mguu umewekewa chuma, ndugu zake walikuja kutoka Kilosa kumchukua. Akasema jioni ile chapati ziliungua zote na mkaa ukaisha bure, akacheka. Khanga haikurudi. Nikataka kumpa hela ya khanga, akakataa. Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti, akasema nimekonda, nile. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo mwenye sare ya kwaya, na tukisomewa ule mfano hapohapo, kila mtu Buguruni Sheli angejua nani kasimama na nani kapita upande wa pili.

Tangu hapo nimebadilika? Kidogo. Nimejifunza kufunga jeraha, maana ujinga nao ni kisingizio. Natoka mapema nusu saa, si kwa ajili ya foleni peke yake, bali ili njiani nisiwe na sababu. Bado kuna siku nawapita watu, na naijua hesabu yao.

Lakini kuna kitu kimoja kinanitisha kuliko moto wote wa wahubiri wa Jangwani. Yesu alisema kila tulilomtendea mdogo, tumemtendea yeye. Naogopa nitakapofika mbele yake, na nyimbo zangu zote kichwani, atanitazama kwa upole uleule wa mama wa Buguruni, na kuniuliza: "Wewe si yule wa picha?"

Jumapili njema.