Kisa Kifani Kisichofunuliwa Mwisho Wake

Mbinu ya kisa kifani, yaani ile ya kumpa mwanafunzi tukio halisi pamoja na wahusika, tarehe na hesabu zake ili aamue lililopasa kutendwa, ilipata umaarufu katika masomo ya sheria pale Christopher Columbus Langdell alipoiingiza Harvard mwaka 1870, na baadaye ikashika mizizi katika masomo ya biashara. Nguvu yake yote imo katika kumnyima mwanafunzi jibu, kwani kisa kinachosomwa pamoja na mwisho wake ni mhadhara tu.

Kwa sababu hiyo Mikoko Pamoja, mradi wa wanavijiji wa Gazi na Makongeni huko Msambweni, kaunti ya Kwale nchini Kenya, ambao tangu 2013 huuza hewa ukaa inayofyonzwa na hekta 117 za mikoko, ni kisa kizuri chenye mtego ndani yake. Kwa kuwa mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2017, mwanafunzi huanza kuorodhesha sababu za ushindi kabla hajapima lolote. Afadhali arudishwe kabla ya 2013, aulizwe mtu anayetegemea boriti na kuni angeshawishiwaje kuuacha msitu kwa ajili ya fedha ambazo hajaziona.

Kisa kipevu zaidi kiko Maumba na Nguluku, katika kaunti hiyo hiyo, ambako familia zilihamishwa kupisha mgodi wa titani, shehena ya kwanza ikasafirishwa kupitia Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa mwenye mali, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Lakini jamii hiyo ni nani: aliyehamishwa, aliyebaki jirani na mgodi, au Kwale nzima? Hapo mwanasheria na mwanauchumi hawatakubaliana upesi, na ndiyo faida yenyewe.

Wapo wasemao kwamba kisa kimoja hakijengi nadharia na kwamba kumbi zilizofurika haziruhusu mjadala. Hoja ya kwanza ni ya haki, kwa hiyo nadharia itangulie; ya pili inadai visa vichache, si kuviacha. Wahadhiri wa Pwani na wakiandike kisa cha Maumba sasa, wakati waliohamishwa na waliofanya kazi mgodini wangali wapo wa kuulizwa.